Akiba wa Kituo cha Pili

Ngwaa!

Ndivyo mpira mgumu unavyolia ukigonga boksi la barafu lililojaa chupa za maji. Sauti hiyo ninayo masikioni mpaka leo, maana mpira ule, siku yangu ya kwanza ya mazoezi, ulikuwa wa kwanza maishani mwangu kupigwa kuja upande wangu, na kazi yangu ilikuwa kuudaka. Sikuudaka. Niliuona unakuja, nikanyonga kiuno, nikavuta tumbo ndani, nikaupisha kwa adabu zote kama mtu anayempisha mkwewe mlangoni. Ukapita. Ngwaa! Barafu ikamwagika mchangani.

Nahodha wetu, Mfilipino mfupi mwenye sauti ya king'ora, ambaye siku za kazi ndiye msimamizi wa usafi wa vyumba katika hoteli yetu, akavua kofia akanisogelea.

"Dada," akaniuliza kwa Kiingereza chetu cha Dubai, kile cha maneno machache na mikono mingi, "kwa nini umeupisha?"

"Ulikuwa unanijia, madam."

"Ndiyo. Ndiyo maana tumekuweka hapo."

Angeelewaje? Mimi ni mtoto wa Tanga, na Tanga msichana hafundishwi kudaka mpira. Anafundishwa kuukwepa. Nimekulia kwenye rede. Wawili wanasimama huku na huku wanakurushia mpira wa soksi, wewe uko katikati na chupa yako, unakwepa huku unachota mchanga unajaza. Ukiguswa, umetoka. Mtaani kwetu sikuwa natoka. Walikuwa wananirushia mpaka Magharibi inaadhiniwa, mama anaita, wao mabega yanawauma na mimi bado niko katikati nacheka. Shuleni sikung'ara, kidato cha nne nilikimaliza kwa huruma ya Mungu, lakini kukwepa nilikuwa na digrii.

Sasa digrii hiyo nikaipeleka kwenye besiboli.

Niieleze kidogo, maana kwetu hatuichezi. Kuna mtu anarusha mpira, kuna mwenye rungu anaupiga, akishaupiga anakimbia kupitia vituo vinne mpaka anarudi alipoanzia, na hiyo ndiyo pointi; mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji ametoka. Vituo vyetu vilikuwa vizulia vya bafuni vya hoteli, vile vilivyochakaa vikatolewa vyumbani. Kiwanja chetu kilikuwa eneo la mchanga hapa Mankhool, nyuma ya majengo, ambalo siku nyingine ni maegesho ya magari. Tulicheza Jumapili asubuhi kabla jua halijaamka na hasira zake, hoteli nne za mtaa mmoja, na kombe lilikuwa dalla, birika la Kiarabu la kahawa, la shaba lisilo na mfuniko, ambalo hakuna aliyejua lilitoka wapi.

Mimi nilikuwa akiba wa kituo cha pili. Mwenye kituo alikuwa mwokaji mikate wa hoteli yetu, kijana Mfilipino mwenye viganja vipana kama sinia, asiyewahi kuangusha hata punje. Kazi yangu kama akiba ilikuwa kukaa juu ya boksi la barafu, kugawa maji, kupiga makofi, na mechi ikiisha kubeba vizulia kwenda kuvifua, kwa vile mimi ni mtu wa dobi, na dobi tunashinda katika mvuke chini ya ardhi kabisa. Msimu mzima nilikaa juu ya boksi lile. Nilijua kila ufa wake.

Ila mimi ni mwotaji, hilo nalikiri kwa raha zangu. Nikikunja mashuka najiona nimesimama kwenye kituo cha pili, kofia juu ya hijabu, mpira unakuja, naudaka, watu wanapiga vigelegele. Nilitaka mechi moja tu, moja kabla joto halijafunga msimu. Mwenzangu wa dobi, dada wa Mombasa tunayelala naye chumba kimoja, alikuwa ananikuta nimesimama na shuka mkononi, macho yako mbali.

"Weh! Umeenda wapi tena?"

"Niko kituo cha pili."

"Hebu rudi Dubai, machine imelia. Na hiyo rede yako, kwanza haiitwi rede. Inaitwa kati."

"Rede."

"Kati! Kwani nyinyi Watanga mlifunzwa na nani?"

Tulikuwa hatuchoki na ugomvi huo.

Halafu bahati ikanigeukia. Mwokaji akapata likizo ya kwenda kwao kuoa, na tarehe ya ndege ikaangukia kabla ya mechi ya fainali. Nahodha akashuka mwenyewe mpaka dobi kuniambia. Alisimama mbele ya mashine ya kukaushia, akavuta pumzi kama anayeruka bwawani.

"Jumapili, kituo cha pili, wewe."

"Mimi?"

"Hakuna mwingine, dada. Nimeshauliza wote."

Heshima iliyoje! Jioni ile nikaenda Deira nikanunua raba nyeupe, nikalala nazo kitandani. Mwenzangu akasema harusi ni ya mwokaji lakini bibi harusi ni mimi.

Kabla ya Jumapili hiyo, nchi za jirani zikaanza kurushiana makombora, na anga likafungwa.

Kuhusu vita yenyewe sitanii. Palikuwa na watu waliopoteza nyumba na watoto, na nilikuwa nikiziona picha zao kwenye simu nalia nikiwa nimeshika pasi. Hayo watayasimulia wenyewe. Mimi nasimulia vita yangu, ya mashuka. Ndege zilipokwama, abiria wakakwama nazo, na wote, kwa jinsi nilivyoona mimi, waliletwa hotelini kwetu. Walilala vyumbani, wakalala ukumbi wa mikutano, wakalala hata kwenye chumba cha mazoezi baina ya zile baiskeli zisizokwenda popote. Likizo zikafutwa, siku za mapumziko zikafutwa. Fainali ikaahirishwa mpaka Mungu apende. Mwokaji naye hakusafiri, akawa anaoka mikate ya jeshi zima huku mchumba wake anamlilia kwa video.

Sisi wa dobi tukahamishwa bweni, tukapewa chumba palepale chini ya hoteli tuwe karibu na mashine. Mama akapiga simu.

"Nasikia mmefutiwa likizo."

"Ndiyo mama, wote."

"Kwa ajili ya vita?"

"Kwa ajili ya vita, mama."

"Ewe Mola wangu. Na sare wamekupa?"

"Sare si ninayo siku zote?"

"Ewe Mola! Unalala wapi sasa?"

"Chini ya ardhi, mama, lakini pazuri tu, pana feni."

Simu ikakatika. Niliporudi hewani kesho yake, mtaa mzima ulikuwa na habari kwamba mtoto wao amechukuliwa jeshini Uarabuni. Akina mama walikuwa wameshakusanyika kwetu, ubani umefukizwa, dua imesomwa nisipatwe na risasi. Balozi wa mtaa, mzee wa watu, akaomba simu anisalimie.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Una cheo gani huko?"

"Mkunja mashuka, babu."

Nikamsikia anawageukia watu. "Kasema hawezi kusema. Ni siri ya jeshi."

Nikaapa, nikaeleza, nikawaonyesha mashine kwa video. Wakaziangalia zile mashine kubwa za chuma zinavyotikisika na kunguruma, wakazidi kusoma dua.

Basi nikawa askari. Na jeshini kwetu ndipo akaja bibi mmoja wa Unguja, abiria aliyekwama, aliyekuwa njiani kwenda kumwona mjukuu wake mchanga huko Ulaya. Kilichomleta dobi ni Kiswahili. Alipita koridoni akatusikia tukigombana rede na kati, akasukuma mlango, akavuta kikapu cha foronya akakikalia kama kiti cha enzi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Hebu nipeni kazi na miye, huko juu wananichosha. Kila saa wananiuliza kama nataka juisi."

Akawa anashuka kila siku. Alikuwa mchokozi, mlalamishi, na kwenye karata za mchana anaiba waziwazi huku anakutazama usoni. Tulimpenda sana. Nilipomweleza shida yangu ya kukwepa mipira, alinishangaa.

"Mwanangu, mpira umekuja kwa hasira, weye waudaka wa nini? Wako huo?"

"Bibi, usimharibu," mwenzangu akadakia. "Sisi hapa tunamfunza kushika. Fainali itakuja tu."

Mafunzo yenyewe aliyabuni huyo mwenzangu, na yalifaa kuliko ya nahodha. Dobi tuna sheria moja kuu: taulo safi likianguka sakafuni, linarudi mashine, na wewe unalifua upya, unalikausha upya, unalikunja upya. Wakati ule wa mashuka kama milima, hiyo ilikuwa adhabu ya kaburi. Basi anaviringisha taulo safi la moto, ananirushia ghafla nikiwa nimegeuka.

"Taulo!"

La kwanza nikalikwepa. La pili pia. Tukayafua upya mimi nikitukanwa kwa lahaja mbili, maana bibi naye alikuwa hakosi neno. Lakini baada ya kufua kwa siku kadhaa vitu vilivyokwisha kufuliwa, mwili wangu ukaanza kufikiria vingine. Siku moja likaja taulo, nikajikuta nimelikumbatia. Tukatazamana. Bibi akapiga kigelegele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

"Kumepatikana askari," bibi akamwambia kwa Kiswahili, na mlinzi akaitikia kwa kichwa akaondoka.

Anga likafunguliwa. Bibi aliondoka asubuhi moja na koti la sufi mkononi, akanibusu utosini, akaniachia karata zake, ambazo baadaye tuligundua zina malkia watano badala ya wanne. Alinituma nimwombee amkute mjukuu hajaanza kuota meno. Nililia kidogo, nikaendelea kukunja.

Joto nalo lilikuwa limeshaanza kubisha hodi. Nahodha akatangaza: Jumapili hii fainali, baada ya hapo tutakutana majira ya baridi. Nikazitoa raba zangu chini ya kitanda. Nikafika kiwanjani wa kwanza, wenzangu wengine bado wanapiga miayo, nikatandika vizulia, nikasimama kwenye cha pili. Ndipo nikaliona begi kubwa linaburutwa mchangani, na nyuma yake mwokaji, amevaa jezi.

Ndege yake ilikuwa mchana. Amekuja kucheza kwanza.

Nahodha akanitazama, akatazama vidole vyake. "Dada... pole. Yupo."

"Ndiyo, madam. Nimemwona."

Ningefanya nini? Viganja sinia vile, mtu wa nguvu, anaoa, ana furaha. Nikampisha. Kukwepa si ndiyo kazi yangu? Nikaenda kukaa juu ya boksi la barafu, nikagawa maji, nikapiga makofi. Lakini makofi ya siku ile yalikuwa yananiuma viganjani. Mwenzangu, aliyekuja kushangilia, akajibana kando yangu juu ya boksi.

Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja teksi ilipopiga honi. Ilikuwa imefika mapema, na dereva akatoa kichwa dirishani akasema uwanja wa ndege umefurika tangu anga lifunguliwe, foleni imetoka nje. "Yalla! Yalla!" Mwokaji akatazama kituo, akatazama teksi. Akamkumbuka mchumba. Akavua glavu yake akanirushia.

Nikaidaka.

Kiwanja kizima kikapiga makofi kwa hiyo tu. Teksi ikaondoka, naye akatoa mwili nusu nje ya dirisha, jezi bado mwilini, anapiga kelele: "Usiupishe, dada! Usiupishe!"

Basi nikasimama kwenye kituo cha pili. Nilikuwa na kofia juu ya hijabu, raba nyeupe, na glavu ya moto yenye harufu ya hamira. Nikasema moyoni, ndiyo hii sasa. Mpira ukapigwa, ukanijia moja kwa moja, mkali, unavuma.

Ngwaa!

Boksi la barafu. Wapinzani wetu, hoteli ya jirani, wakapata pointi, tukawa sare, na mimi nikatamani kizulia kinimeze. Mwenzangu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Taulo!" akapayuka. "Weh! Fikiria ni taulo! Safi! La kukunja!"

Mpira wa pili ukaja. Nikafumba jicho moja, nikaona taulo jeupe linaelekea kwenye sakafu chafu, nikaona mashine, nikaona mvuke, nikaona maisha yangu yote nafua. Nikaruka. Mpira ukalia ndani ya glavu, pap! Wapinzani wakatoka, zamu ikawa yetu, ya mwisho. Tukipata pointi moja hapa, tumeshinda.

Nahodha akapiga vizuri akafika kituo cha tatu, hatua chache tu tupate pointi. Waliofuata wawili wakatolewa, na akitolewa wa tatu zamu imekwisha. Nikapewa rungu mimi. Mrushaji wao, dereva wa basi la hoteli, alikuwa na mkono wenye nguvu usio na macho. Asubuhi ile alikuwa ameshawapiga watu wetu mapajani na mabegani. Akanirushia, mpira ukaja mbavuni. Nikaupisha. Ukaja gotini, nikaupisha. Ukaja begani, nikaupisha. Ukaja sikioni, nikaupisha nikiwa nacheka. Na sheria inasema akikosea namna hiyo mara nne, unapewa kituo cha kwanza bure. Nikatembea mpaka kituo cha kwanza bila kupiga kitu.

Hapo ningetulia. Lakini nilikitazama kituo cha pili kule, kizulia changu, nikasahau kila nilichofundishwa, nikachomoka mbio bila kuagizwa na mtu.

"Rudi!" nahodha akapiga king'ora.

Nilipofika nusu ya njia mpira ulikuwa umeshatangulia. Mbele yangu mtu wa mapokezi wao kasimama nao. Nikageuka. Akaurusha, nyuma yangu mwenzake kaudaka. Nikageuka tena. Wakinigusa kwa mpira, zamu yetu ndiyo imekwisha hivyo. Mmoja huku, mmoja huku, mpira unapita, na mimi katikati.

Mwenzangu ndiye aliyeona kwanza. Alipanda juu ya boksi la barafu.

"Kati! Mama yangu, hii ni kati! Cheza kati!"

"Rede!" nikamjibu, hata katika hali ile.

Moyo wangu ukatulia kabisa. Nilikuwa nyumbani. Wakarusha, nikayumba. Wakarusha, nikazunguka. Mtu wa mapokezi akanyoosha mkono anitie mpira begani, bega halikuwepo. Dereva wa basi akaingia kusaidia, akawa anapumua kama trekta. Mwili wangu ulikuwa na furaha hata ukajisahau: katikati ya kitimtim nikachuchumaa kuchota mchanga, mazoea ya chupa, na mpira ukapita pale kichwa changu kilipokuwa. Watu wa pande zote mbili walikuwa wanacheka. Mpishi wao alikuwa amekaa chini kabisa, analia kwa kicheko.

Na wote walipokuwa wananitazama mimi, nahodha wetu alitoka kituo cha tatu, mikono mfukoni, akatembea polepole kama anayekwenda kuangalia vyumba, akakanyaga kizulia cha mwisho.

Mtu wa mapokezi aligundua, akapaniki, akarusha mpira juu kule kwenye magari. Mimi nikaingia kituo cha pili kwa miguu yote miwili, na mchanga wangu mkononi.

Dalla isiyo na mfuniko ikawa yetu. Tukaenda kafeteria ya kona kunywa chai ya maziwa ya karaki kwa chapati za paratha, nahodha akanikalisha karibu yake akaniambia msimu ujao nitakuwa akiba tena, mwokaji akirudi, "lakini akiba mkubwa." Nikamtumia mama picha nikiwa nimeikumbatia dalla. Akajibu kwa sauti, nyuma yake vifijo vya mtaa.

"Nimeshawaambia watu mmeshinda. Hatukudhani vita itakwisha upesi hivi. Na hilo birika ndiyo nishani?"

"Ndiyo, mama," nikasema. Niliona nimechoka kueleza.

Mchana wenzangu wakalala. Mimi nikashuka dobi na mfuko wa vizulia, kazi ya akiba haiishi kwa kombe. Hapakuwa na mtu, mashine zimenyamaza. Nikatia kizulia cha kwanza, nikatia cha tatu, nikatia cha mwisho alichokanyaga nahodha. Nikatoa cha pili. Pale katikati palikuwa na nyayo mbili za raba, za mchanga mwekundu uliolowa jasho, zimekaa sawasawa kama zimepigwa mhuri.

Nikakishika mbele ya mlango wa mashine. Kisha nikafunga mlango, nikaiwasha na hivyo vitatu. Cha pili nikakikunja taratibu, nyayo kwa ndani, nikakilaza chini kabisa ya mfuko.